Habari ya Dunia Baba Alikuwaka Anatusomea

Hakuna neno inanipandisha hasira sawa hii: "Nimesoma." Bajukuu bangu banakuja kunisalimia hapa Butembo, banafungua telefone, banaanza: "Koko, unajua kama zamani ku Faransa nguruwe alipelekwa ku tribinali, bazuzi bakamukatia hukumu, akanyongwa sawa mutu?" Najua. "Koko, unajua kama ku Ostralia basoda balienda na mitrayezi, bunduki za risasi mingi, kupigana na ndege kubwa za kukimbia, na ndege zikabashinda?" Ile pia najua. Banaangaliana. "Koko, ulisoma wapi?" Aka! Sikusoma fasi yoyote. Hata jina yangu ukiiandika ku ukuta, nitapita sawa mbuzi. Nilisikia ile yote mbele wazazi bao bazaliwe, ku barza ya baba yangu kule Beni, na ilitutokea puani.

Tulikuwa Baislamu, familia ya biashara na kamio. Tulikaa upande wa Beu, mutaa mumoja wa Beni. Baba alikuwa shofere wa kamio yake mwenyewe, ya zamani, ya kukohoa, na alibeba kahawa na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, Mangina, Mambasa, mpaka Bunia. Kahawa ilikuwa ya Mugiriki mumoja mwenye duka. Ule Mugiriki hakuwa na imani na mutu, donc kila safari alipanda mbele, karibu na baba, analinda magunia yake. Na ju barabara ilikuwa mubaya na safari murefu, alikuwaka anasema. Alisema Kiswahili ya kuvunjika, mais alisema bila kunyamaza, na maneno yake yote ilikuwa ya zamani: bafalme, bita, mambo ya ajabu ya dunia. Zaidi ya yote alichukia batu ba Uajemi. Mpaka leo sijui Uajemi balimukosea nini, yeye muuza-kahawa wa Beni.

Baba alisikiliza, akabeba yote mu kichwa. Kichwa yake ilikuwa muzuri vraiment, ile siwezi kumunyima. Mais kusoma, hapana. Alijua Fatiha na sura fupi-fupi kwa kusikia tu, na hesabu ya magunia kwa vidole. Jurunali, gazeti ya kifaransa, alikuwaka anaipata ku duka ya Mugiriki, kisha samaki ya munyu kufungwa ndani. Siku ya ijumaa, nyuma ya sala, bazee banakuja ku barza yetu, mama anatoa chai, baba anafungua ile jurunali yenye kunuka samaki. Anaangalia. Anatikisa kichwa. Anafanya, "Hm." Bazee bote bananyamaza. Halafu anaanza kusoma maneno haikuandikwa.

"Mufalme wa Uajemi," anasema, "alijenga daraja juu ya bahari. Bahari ikaibomoa. Mufalme akakasirika, akatuma basoda baipige bahari fimbo."

"Bahari?"

"Bahari. Na minyororo bakatupa ndani."

"Yoo! Lini?"

Baba anarudisha macho ku jurunali, sawa mutu anatafuta tarehe. "Juzi," anasema.

Ile njo ilikuwa ubaya wa baba yangu. Kila kitu ilikuwa juzi. Sisi batu ba Beu tulizani mufalme anapiga bahari fimbo ile wiki yetu. Tulizani papa wa Roma amefukua papa mwenzake mu kaburi, amemukalisha ku kiti, amemusambisha ku tribinali na nguo zake zote, ile mwezi yetu. Jirani zetu ba Protestanti balifurahi kabisa kusikia ile, baliomba asome tena. Na siku moja alituambia kitu ya kweli, ya siku zile zile, Mugiriki aliisikia ku redio: Barusi balituma mbwa juu angani ndani ya chuma, akazunguka dunia. Bazee balicheka mpaka chai ikamwangika. Mbwa! Bakasema muzee leo amechoka, apumuzike.

Kulikuwa muzee mumoja muuza-tumbaku, mutu wa heshima, mupole. Baba alisoma kama batu ba Faransa bamekata kichwa ya mufalme wao na mashini. Muuza-tumbaku alilala na ile maneno. Asubui akafunga kuku muguu, akaenda kwa muzungu wa serikali, ju yeye pia alisema kifaransa, akamupa pole ya msiba: "Nimesikia ndugu zako bamemukata mufalme kichwa. Mungu abapatie nguvu." Muzungu alizani ni vitisho. Balimulalisha chini, bakamupiga kiboko mbele ya bibi yake, kuku ikabakia kwa mupishi. Kutoka hapo muzee hakukaa vizuri ku kiti tena. Mama alimuambia baba, "Umeona? Mudomo inaponza kichwa." Baba akajibu, "Imeponza matako ya mwengine." Na akacheka. Mimi nilikuwa pale na sufuria mukononi, nilitaka kumutupia.

Halafu uhuru ikakuja. Bazungu bale bengi bakafunga masanduku, bakauzisha bitu yao ku barabara, na batu ba Beni bakanunua sawa bendawazimu: kofia ngumu, tai, sahani, mutu mumoja alinunua kinanda ya mezani haina sauti. Balisema mwenye bitu ya muzungu njo atakalia kiti ya muzungu. Baba alinunua lineti ya macho, ile miwani, ya muzungu mumoja wa plantation, pamoja na kalamu ya kutia mufukoni. Akiivaa haoni kitu. Alipiga muguu ku kizingiti, alimwanga chai, siku moja alisalimia ngombe. Mais ku barza aliivaa, kalamu inangaa ku kifua, jurunali mukononi, na heshima yake ikapanda. Batu bakaanza kumuita Musomi. Mama hakumuita vile hata siku moja.

Karibu na sisi kulikaa mwalimu wa shule ya Protestanti. Alikuwa Munande wa huku Butembo, mutu mwembamba, sauti ya kelasi, na bibi yake alikuwa rafiki ya mama sana. Balipeana munyu, sabuni, majani ya sombe, batoto. Mwalimu njo mutu peke yake mu Beu alijua siri ya baba, nje ya sisi. Siku moja alipita mbele ya barza, baba anasoma habari ya nguruwe ya Faransa, bazee mudomo wazi, na jurunali imegeuzwa kichwa chini. Mwalimu angeweza kucheka. Batu bengine ba shule bangecheka. Yeye alikuja polepole nyuma ya baba, akasema, "Muzee, jua inakuumiza macho, nikusaidie," akaigeuza ile jurunali vizuri, akaenda zake. Baba alimuchukia kutoka siku ile.

Barebele bakafika, batu ba kuasi serikali. Balikuja kutoka upande wa pori, majani ku kichwa, ngozi ya nyama ya pori, bamepakwa dawa ya kugeuza risasi kuwa mayi, na kila mutu alijua sharia ya dawa ile: mwanamuke asiwaguse. Mwanamuke akigusa, dawa imekufa, na wewe utakufa ku bita ya kwanza. Basoda ba serikali balikimbia mbele hata ya kubaona. Na barebele balikuwa na adui mumoja mukubwa: mutu wa kitabu. Karani, mwalimu, infirmier wa hospitali, mutu wa bureau. Balisema bale njo balikula uhuru pamoja na bazungu, wengine bakabakia na njaa. Mu ile njaa ilikuwa na kweli. Mais kweli yao balitafuta na rungu.

Bibi ya mwalimu alitangaza kwa makelele kama bwana yake amekimbilia Uganda, amepitia Kamango, amemuachia batoto, mulaaniwa ule! Alilia na kutukana muzuri mpaka batu bote baliamini. Kumbe mwalimu alikuwa kwetu. Mama njo alimuchukua. Alimuvalisha kanzu ya baba na kofia, akamunyoa ndevu zote ili jirani basimutambue, akamufanya mubebaji wa magunia ku kamio. Alimusugua mikono na majivu na munyu mpaka ile ngozi laini ya chaki ikakatika. Alimufundisha kuitikia salaam bila kustuka na kunawa udhu. Ku sala alikuwaka anasujudu mbele ya wenzake, ju aliogopa kuchelewa, na bazee balisema huyu mugeni ana imani mingi.

Baba hakupenda. "Utatuuza," alisema.

"Nani atauza nani?" mama akamujibu. "Wewe vua ile lineti. Funga ile mudomo. Choma jurunali."

Alivua lineti, akaificha ndani ya unga. Jurunali hakuchoma. Alisema ni ya kufungia bitu.

Siku barebele balikuja Beu, balikuwa banatafuta tu mafuta ya kamio. Mukubwa wao, kijana mwenye kofia ya ngozi ya chui, aliuliza batu ku barabara: "Hapa nani anajua karatasi?" Na yule muzee muuza-tumbaku, yule yule wa kiboko, akainua mukono sawa mutoto wa shule, akasema: "Mukubwa, hapa hakuna mutu wa kusoma sawa jirani yetu mwenye kamio. Anatusomeaka dunia muzima." Alisema kwa sifa? Ao kwa zile fimbo? Hata leo sijui, na alikufa bila kutuambia. Bakasaka nyumba, bakapata jurunali ku jikoni, bakapata lineti mu unga. Baba akafungwa mikono.

Balipeleka batu bote ku kiwanja ya mpira. Banaume upande mumoja, karibu. Bamama mbali, ku mistari ya mikaratusi, na kijana mumoja na mukuki wa kuturudisha nyuma, ju ya dawa yao. Nilisimama kati ya mama na bibi ya mwalimu. Nilikuwa binti wa kuposwa tayari, nilielewa kila kitu. Mwalimu alikuwa kule kati ya banaume, na kanzu na kofia, ameinamisha kichwa. Mbele kulikuwa mistari ya batu banafungwa: karani wa posta, infirmier mumoja, na baba yangu mwisho, balimuvalisha lineti yake. Unga ilikuwa bado ku kioo.

Karani aliulizwa, akapelekwa upande wa muto, kule balikuwa banaulia batu. Infirmier pia. Ikabakia baba.

"Wewe unajua karatasi?"

"Hapana, mukubwa. Mimi shofere."

"Na hii lineti?"

"Ni ya mapambo."

Batu bakacheka kidogo, na mimi nikapata tumaini. Mukubwa akamufungua mikono, akamupatia ile jurunali. "Soma."

Oh, baba yangu! Ilikuwa neno moja tu la kusema: sijui. Angeishika kichwa chini, angelia, angejikojolea, mutu yeyote mwenye akili angefanya vile. Mais batu bote ba Beu balikuwa pale, banamuangalia, bale bazee bake bote, na jurunali ilikuwa mukononi. Niliona kifua yake inapanda. Nilimuona anatikisa kichwa. Akafanya, "Hm."

Mama alisema, "Mungu wangu, anasoma."

Na alisoma! Alizani atabafurahisha. Alisoma kama bafalme ba dunia bote bamesikia sifa ya barebele, bamefunga milango, banalala chini ya kitanda. Kama mufalme wa Ubelgiji ameuza farasi wake apate kukimbia. Kama risasi zimegeuka mayi mpaka Ulaya batu banavaa viatu vya mvua. Alisoma muzuri sana, hakukwama hata mara moja. Vijana bale balipiga kelele ya furaha, balirusha mikuki juu. Mukubwa alingoja wanyamaze, akatabasamu.

"Asante, muzee. Habari muzuri. Sasa tumesikia sisi wenyewe kama unajua kusoma." Akafanya na kidole, upande wa muto.

Hapo njo baba alielewa. Mdomo ilibakia wazi. Akaanza kupiga kelele, "Hapana jua, mukubwa, nilitunga, wallahi nilitunga!" Na batu bote bakacheka, ju nani angeamini ile?

Mama akatoka mu mistari. Kijana wa mukuki akasema simama, mama akaenda moja kwa moja kwake, mikono mbele, na kijana akaruka nyuma. Haya! Alipita katikati ya kiwanja, mwanamuke mufupi na kitenge ya kuchakaa, na batu na bunduki banarudi nyuma, banaogopa vidole vyake. Mukubwa mwenyewe aliinuka ku kiti. "Usikaribie! Sema kutoka pale!"

"Huyu bwana yangu hajui kusoma," mama akasema. "Anadanganya. Anadanganyaka kila ijumaa. Ni mutu wa bure kabisa, mukubwa, ni mudomo tu. Nilifunga naye ndoa, najua."

Batu balicheka tena. Baba aliinamisha kichwa, na niliona kama ile maneno ya mama ilimuumiza kuliko kamba.

"Muke atamutetea bwana yake," mukubwa akasema. "Nani mwengine anaweza kusema kama maneno haiko mu karatasi?"

Fikiri kidogo. Kusema kama baba hasomi ile iliyoandikwa, lazima ujue iliyoandikwa. Mukubwa hakujua kusoma. Vijana bake habakujua. Na mutu wa Beni mwenye kujua, akifungua mudomo, amejiua. Mama alizunguka, akaangalia banaume moja kwa moja. Niliona macho yake inasimama fasi moja. Karibu na mimi, bibi ya mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Hapana. Hapana, dada." Alisema dada, sawa vile baliitanaka.

"Ule," mama akasema, akanyoosha kidole. "Mwenye kanzu. Ule ni mwalimu. Mumuulize."

Wako batu bananiambia mama yako alikuwa shetani. Wengine banasema alikuwa muke wa kweli. Mimi nasema muniache. Alikuwa na batoto ndani ya nyumba na bwana mumoja, mujinga, na alinunua huyu kwa bei ya yule. Sijapata mutu angekuwa pale na asinunue, mais kumusamehe sikumusamehe, na yeye hakuniomba.

Balimusukuma mwalimu mbele. Alikuwa na njia: angesema mimi mubebaji, huyu mama amechanganyikiwa. Angeweza hata kufanya mubaya zaidi, kusema ndiyo, muzee amesoma vizuri, kila neno, na angekufa pamoja na baba, kisasi tamu. Alivua kofia yetu, akaikunja polepole, akamurudishia mama kwa kuiweka chini ku majani, mbali, asimukaribie. Kisha akachukua jurunali. Aliishika vile batu ba shule banashikaka, mikono miwili, mbali kidogo na uso, na hapo tu ilikuwa imekwisha, hata mbele hajasema.

Alisoma kifaransa kwanza. Halafu akatufasiria, na sauti ya kelasi, sawa tuko batoto bake: "Hapa banatangaza sabuni. Banasema inatoa madoa bila kuchosha mikono. Hapa chini, banauzisha baiskeli ya mwanamuke. Hapa, mutu amepoteza mbwa mweupe." Akakunja jurunali. "Huyu muzee hajasoma hata neno moja."

Kiwanja muzima ilicheka. Barebele balicheka, batu ba Beu balicheka, bale bazee ba ijumaa balishikana mabega. Sabuni! Mbwa mweupe! Baba alisimama katikati ya kile kicheko na lineti ya unga. Nilimuona anatafuta fasi ya kuangalia, na hakupata.

Mukubwa alipanguza machozi ya kucheka. "Sawa, muzee. Umepona. Hauko wa kabila ya bitabu." Halafu akachukua rungu ya kijana mumoja, akamuwekea baba mukononi. "Kwa hiyo hautakataa kutusaidia."

Balienda upande wa muto, baba na mwalimu na vijana tatu-ine. Bibi ya mwalimu alikaa chini pale pale. Nilitaka kumuinua, akanisukuma. Mama alipita mbele yetu, hakusimama, alienda nyumbani kuchemusha mayi.

Baba alirudi jua ikiwa inashuka. Aliomba mayi, akanawa nyuma ya nyumba mpaka mayi ikaisha, akaomba ingine. Alikula. Ndiyo, alikula bugali yote. Kisha neno ya kwanza alimuambia mama, sikia basi, neno ya kwanza kabisa, ilikuwa hii: "Umenivua nguo mbele ya batu."

Mama alichukua sahani, akaenda kuosha.

Kutoka siku ile hakuna mutu alikuja ku barza. Tukipita ku soko, batoto banaita, "Sabuni! Baiskeli ya mwanamuke!" Baba alikaa ndani. Kamio barebele balibeba, ikafa mu barabara ya Mambasa. Nyuma ya miezi basoda ba serikali balirudi pamoja na bazungu ba kukodiwa, na bale pia baliua batu bao, na batu bakasema sasa amani.

Ile wiki njo bibi ya mwalimu alikuja. Alikuwa amefunga bitu yake, anarudi kwa kaka zake hapa Butembo. Mama alimuwekea kiti, akakataa. Mama alisema, "Dada." Hakumuangalia hata kidogo. Alisimama mbele ya baba.

"Wewe njo ulikuwa karibu naye," akasema. "Alisema nini?"

Baba aliangalia mikono yake.

"Muzee, sikuombi kweli. Kazi yako naijua, Beni muzima inaijua sasa. Batoto bangu bananiuliza kila siku baba alisema nini mbele ya kufa, na mimi sina kitu ya kubapa. Nitungie. Neno moja tu. Sema aliomba. Sema alibaita majina yao. Nitaondoka nayo, sitarudi kukusumbua."

Nilimuangalia baba. Nikasema ndani ya roho: haya, fungua sasa. Huyu mutu alikuwa ametusomea bahari yenye kupigwa fimbo, amefukua mapapa, amekimbiza bafalme chini ya kitanda, yote kwa ajili ya chai na sifa. Sasa mutu anamuomba uongo mumoja mudogo, wa huruma, haugarimu kitu. Hata mama aliinua kichwa. Hata yeye alimungojea.

Machozi ikashuka.

"Hakuomba," akasema. "Alilia sana. Alinishika muguu, akaniambia: 'Muzee, piga na nguvu, nife mbio.' Na mimi nilimuonea huruma, mama. Nilikuwa napiga polepole. Njo maana ilikawia."

Bibi ya mwalimu alitia kitenge mu mudomo. Alitoka kinyume-nyume, akagonga mulango, akaenda. Alisahau muzigo yake ku barza na hakuirudia.

Mama alibakia anamuangalia bwana yake murefu, yule mutu alimununua.

"Hata ile," akamuambia, "imekushinda."